Mgeni aliyegeuka "anti": kisa cha mama mkimbizi na familia iliyompokea Kisumu

Hiki kisa kilitokea Kisumu na mimi nilikuwa ndani yake toka mwanzo, kwa hivyo si cha kusikia. Nakiandikia yule mama ama kikundi ama kanisa linalofikiria kupeleka mwanamke mkimbizi akae kwa nyumba ya mtu. Majina si yao, mtaa nimeuacha, na vitu kadhaa vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevitoa ama nimevibadilisha. Mgeni nitamwita Mama Furaha, mwenyeji Mama Brian. Kila mmoja nilimsomea sehemu inayomhusu akakubali iandikwe, na Mama Brian akasema andika yote, hata yale yangu.

Walivyofika

Wakimbizi wengi Kenya wako Dadaab na Kakuma, na huko hata kama maisha ni magumu mtu anajua foleni ya chakula ni wapi na ofisi ni wapi. Huku kwetu hakuna kambi. Mtu akishuka kwa gari la kutoka Busia na mtoto mgongoni anaangukia kanisa, ama mtu wa lugha yake, ama yeyote mwenye huruma, na sisi ni kikundi cha akina mama wanane wa kanisa ambao kwa miaka michache tumekuwa ndio hao wenye huruma.

Mama Furaha alitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, Februari 2025, wiki ile waasi wa M23 waliingia mji. Alikuwa na msichana wake wa miaka 7. Bwana yake walipotezana njiani na mpaka leo hajui aliko. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, ile iliyoanza kufanya kazi Februari 2022, inataka mtu ajiripoti ndani ya siku 30 akishaingia nchini, na yeye alijiripoti, akaandikishwa, akapewa karatasi ya mwomba hifadhi akaambiwa angojee intavyu ya kuamua kama atakubaliwa kuwa mkimbizi. Mtoto alikuwa anatibiwa hospitali ya mjini na ndiyo maana hawakupelekwa kambini, alikuwa na barua ya kuonyesha hivyo.

Nyumba za kupangisha kwa bei yetu wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha mabati, 3,000 kwa mwezi, choo cha ploti nzima, na hakuna mtu angemjua huko. Tukaona mama mgeni, mtoto mgonjwa, asilale pekee yake. Mama Brian ndiye alijitolea kwanza. Ana nyumba ya vyumba viwili na sebule, watoto watatu, bwana yake ni fundi wa ujenzi anafanya kazi mji mwingine anakuja mwisho wa mwezi, na yeye mwenyewe anauza omena na samaki wa kukaanga jioni kando ya barabara. Alisema "mleteni tu, tutabanana." Tukamwambia ni kama mwezi mmoja hivi. Hiyo "hivi" ndiyo ilituletea mambo mengi, nitairudia.

Miezi mitatu ya kwanza

Mwanzo ulikuwa mzuri na sitaki mtu asome hii akidhani Mama Brian ni mtu mbaya. Jioni ya kwanza alipika ugali na omena, Mama Furaha akaangalia sahani akaanza kulia, wakashtuka wote, kumbe ni furaha, kwao kuna samaki wadogo wa Ziwa Kivu wanaitwa sambaza na hakuwa amekula kitu kama hicho tangu atoke. Kesho yake akaomba akaange yeye, kwa namna ya kwao, akaziacha zikauke kabisa mpaka zikavunjika kwa mkono, na watoto wakagombania. Kufika wiki ya pili alikuwa anaenda na Mama Brian kwa kibanda jioni. Wateja walipenda zile za kukauka. Alikuwa anamwita Mama Brian "dada", na watoto wa nyumba walikuwa wanamwita yeye "anti".

Wiki ya tatu nikaenda kuwatembelea. Tukaketi sebuleni, chai ikaletwa, nikamwuliza Mama Furaha mbele ya mwenyeji wake, uko aje, kuna shida yoyote? Akasema "niko muzuri, aksanti sana." Nikaandika kwa ripoti yetu kwamba yuko sawa.

Mwezi wa pili msichana wa kazi wa Mama Brian akaenda kwao na hakurudi, na hakuletwa mwingine. Hakuna mtu alikaa chini akasema sasa Mama Furaha ndiye atafanya hiyo kazi. Ilitokea tu. Yeye ndiye alikuwa anaamka kwanza kwa sababu alikuwa analala sebuleni, na sebule lazima ikunjwe kabla watoto waamke, na akishaamka saa kumi na moja atakaa akiangalia ukuta? Akawasha jiko. Akishawasha jiko akapika uji. Akishapika uji akaosha vyombo, akaogesha kitinda mimba, nguo nazo zikawa zake. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anafanya kazi za nyumba mchana na omena jioni, halafu usiku anangoja watu wamalize tivii ndio atandike, maana kitanda chake ni pale walipokalia. Mtoto wake alikuwa anasinzia kwa kiti saa nne usiku.

Kwa Kenya mtoto kumwita mtu "anti" inaweza kuwa ni dadake mama, na inaweza kuwa ni yule msichana wa kazi. Neno ni lile lile. Watoto hawakubadilisha neno, maana yake ndiyo ilihama na hakuna aliyeona. Mama Furaha mwenyewe alibadilisha lake: mwezi wa tatu alinipigia simu kuhusu dawa ya mtoto akasema "ngoja niulize bosi." Nilisikia. Nikadhani ni utani.

Halafu kulikuwa na mambo ya simu. Laini ya jina lake hakuwa amepata, kwa hivyo dadake aliye Marekani alipotuma pesa ilikuja kwa M-Pesa ya Mama Brian. Mara ya kwanza alionyeshwa meseji akapewa zote. Mara ya pili Mama Brian alikuwa sokoni, stoki imepungua, akatumia 2,000 akazirudisha baada ya wiki. Alizirudisha zote, lakini ile wiki Mama Furaha alikaa na hesabu kichwani na hakuuliza, maana unamwulizaje mtu anayekulisha? Na nyumba ilikuwa inaongea Kijaluo wakiwa wenyewe, kila akisikia wakicheka alidhani ni yeye.

Shemeji

Mwezi wa nne mdogo wake Baba Brian alikuja kutafuta kazi mjini. Yeye akapewa sebule. Mama Furaha na mtoto wakahamishiwa jikoni, chumba kidogo chenye mlango wa bati usio na komeo, wakawa wanatandika godoro baada ya sufuria kuondolewa.

Usiku mmoja huyo shemeji aliingia jikoni kama anatafuta maji, akaketi kwenye ukingo wa godoro, akaweka mkono juu ya blanketi akaanza kuongea polepole kwamba yeye anaweza kumsaidia na makaratasi. Mtoto akaamka, jamaa akatoka. Usiku uliofuata Mama Furaha aliburuta mitungi miwili ya maji, ya lita 20 na imejaa, akaiegemeza mlangoni kwa ndani, akamlaza mtoto upande wa ukuta. Akafanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili. Mama Brian alikuwa anagomba asubuhi, nani anaweka maji mlangoni.

Mimi nilienda hiyo nyumba katikati ya hizo wiki mbili, kupeleka unga. Ilikuwa mapema, mitungi bado iko pale, niliisukuma kwa mguu ndio nipite. Sikuuliza kitu.

Alichofanya Mama Furaha ni kumwambia mama mwenzake wa Kongo kwenye kwaya, na huyo wa kwaya ndiye alinifuata Jumapili baada ya ibada. Nilipokutana na Mama Furaha, tukiwa peke yetu sasa, nikamwuliza kwa nini hukuniambia kuhusu kazi na kuhusu huyu mtu, akanijibu: "Kazi haiko mubaya, mama. Usiku njo mubaya."

Tulivyoamua na ubishi uliokuwepo

Tulikutana siku hiyo hiyo, wanne kati yetu. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda moja kwa moja kwa Mama Brian na kumweleza, kwa sababu ni mwenzetu na ni nyumba yake. Wazo la pili polisi. La tatu kumtoa Mama Furaha usiku huo huo bila maneno.

Tukakubaliana aulizwe mwenyewe kwanza. Inaonekana ni jambo dogo lakini kwa miezi minne hakuwa ameulizwa hivyo hata mara moja, wapi akae, na nani, mpaka lini. Akasema polisi hapana, intavyu yake bado na anaogopa jina lake kuingia kwa kitabu chochote. Tulimweleza kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda mtu yeyote aliye nchini awe na kitambulisho ama hana, na kwamba siku ikitokea mtu amelazimishwa kabisa hospitali ndiyo ya kwanza kabla ya stesheni, maana dawa za kuzuia Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na namba 1195, ile ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure. Akasikiliza, akasema bado hapana, na tukaheshimu. Pia akasema Mama Brian asiambiwe wakati yeye bado analala pale. Hilo lilikuwa la busara kuliko wazo letu la kwanza. Tungemwambia mwenyeji mchana, usiku mgeni angelala na nani?

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kuaga. Mmoja wetu, mama mtu mzima, alisema mgeni hatoki kwa nyumba kama mwizi, mwenye nyumba ataaibika mtaa mzima na hatatupokelea mtu tena. Mwingine akasema usalama hauna adabu. Tulichofanya ni hivi: ndani ya siku mbili tukapata mjane mmoja anayeishi na mjukuu wake, ana chumba chenye kufuli, akakubali wiki tatu, tarehe ikaandikwa. Mama Furaha akaaga mwenyewe mchana, mke wa mchungaji akiwa hapo, akashukuru, akasema amepata pahali karibu na hospitali, ambayo ilikuwa kweli. Ile sababu nyingine tuliiacha ya siku tano baadaye. Mimi ningengoja siku moja tu, kwa sababu kwa hizo tano maneno yalizunguka kwamba Mama Furaha hana shukrani, na yeye hakuwa na namna ya kujibu.

Daftari

Mama Brian alipoambiwa habari ya shemeji alikasirika sana na alikataa. Akasema ni uongo wa kutafutia nyumba. Halafu akasema, na hapo alikuwa na haki, kwamba sisi tulimwambia mwezi mmoja akakaa na watu wawili kwa zaidi ya minne, tukampa 3,000 mara moja na unga mara mbili, na hakuna aliyewahi kumwuliza stima inalipwa na nani. Tulinyamaza kwa sababu ilikuwa hivyo.

Wiki mbili baadaye alikubali wakutane, kwa nyumba ya mjane, na mimi nikaleta daftari. Upande mmoja kila kitu Mama Brian alitoa: chakula cha watu wawili, maji ya mtungi, tokeni, sare ya shule ya mtoto, nauli ya hospitali. Upande mwingine kila kitu Mama Furaha alifanya, kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Kila mmoja alitaja chake na mwenzake hakuruhusiwa kukatiza. Mama Brian alitaja haraka haraka, anakumbuka kila shilingi. Ilipofika upande wa pili nikauliza, hii kazi tuiandike bei gani? Mama Brian mwenyewe ndiye alijibu, "yule msichana nilikuwa nampa 7,000." Akaisema halafu akanyamaza. Akaangalia daftari muda mrefu, akamwuliza Mama Furaha, "sasa hiyo yote ulikuwa unadhani ni nini?" Mama Furaha akasema alidhani ndiyo kodi.

Kwa wale wanaopenda hesabu, kima cha chini cha mshahara wa kazi za nyumbani kwa jiji kama Kisumu kilichoanza Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi mtu akiwa mgeni kazi yake ni ya bure. Miezi mitatu ya kazi kamili ingekuwa zaidi ya 48,000. Hata kwa ile bei ya mtaa, 7,000, ni 21,000. Hatukufika huko. Walikubaliana 15,000, isiwe pesa taslimu bali omena, Mama Brian awe anampa mzigo kila wiki mpaka iishe, ili Mama Furaha aanze kuuza zake.

Ilivyokuwa baadaye

Alihamia chumba cha 3,000, kile kile tulichokiogopa mwanzo. Sisi tulilipa kodi miezi mitatu, wa nne akalipa nusu, wa tano yote. Kufuli ni lake na ufunguo anauvaa shingoni kwa kamba. Laini alisaidiwa kuipata, pesa za dadake zinaingia kwake. Usiku wa kwanza mtoto alilala saa moja, kabla ya chakula, na hatukumwamsha.

Mama Brian alitoa mzigo wa kama 9,000 halafu ukakatika, biashara yake iliyumba na hatukumsukuma. Shemeji aliondolewa baada ya msichana wa jirani naye kusema jambo. Kwa miezi miwili Mama Brian hakutusalimu. Sasa wanasalimiana, na mara nyingine Mama Furaha humpelekea zile za kukauka. Marafiki sijui kama ni neno lake.

Uchambuzi

Watu wakisikia hiki kisa wanauliza kosa lilikuwa la nani na wanataka jina la mtu mmoja. Mimi naona huruma ilikuwepo tele, ila mapatano ndiyo hayakuwepo. Tuna ule msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mama Brian aliutumia siku ile ya daftari. Ni msemo wa haki kabisa. Lakini jembe la zamani mgeni alilijua, shamba alilijua, jua likizama analiweka chini, na kwao alikuwa na njia ya kurudi. Mama Furaha alipewa jembe ambalo hakuna aliyelitaja na halina saa ya kuwekwa chini, na mlango wa kutokea haukuwepo.

Kosa la kwanza ni letu, hiyo "mwezi mmoja hivi". Mwenyeji akipewa tarehe ya kweli anaweza kubeba mzigo mzito, akiachwa bila tarehe hata mzigo mwepesi unamchosha, na akichoka anaanza kujilipa bila kujua kwamba anajilipa. Sasa tunaandika tarehe hata kama ni wiki mbili, na siku tatu kabla ifike mtu anaenda kuuliza kama wanaendelea, kila mmoja kivyake.

La pili ni yale matembezi ya sebuleni. Hakuna mwanamke atakayesema ana shida akiwa ameshika kikombe cha chai cha mtu anayemlisha. Siku hizi tunatoka naye. Tunaenda naye sokoni ama hospitali ama kwaya, na hatuulizi "kuna shida?" kwa sababu jibu tunalijua. Tunauliza: unalala saa ngapi na unalala wapi, mlango unafungwa na nini, nani mwingine anaishi hapo siku hizi, nani anashika simu ikiingia pesa, mara ya mwisho uliketi bila kufanya kitu ni lini. Maswali ya namna hiyo mtu anajibu bila kumsema vibaya mwenyeji. Nikikumbuka ile mitungi niliyoisukuma kwa mguu naona swali moja tu lingetosha, hii maji inakaa hapa kwa nini?

La tatu, nyumba hubadilika. Tuliikagua siku ya kwanza tukaridhika, lakini nyumba aliyoingia haikuwa ile aliyotoka. Msichana wa kazi aliondoka, shemeji akaja, bwana akachelewesha pesa. Mtu mzima mpya akiingia nyumba yenye mgeni, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda siku hiyo hiyo. Na komeo la ndani ni vitu vya shilingi mia tu, tunanunua sisi kabla mgeni hajalala.

Kilichofanya kazi: kwaya. Hatukuipanga, lakini pale ndipo alikuwa na mtu wa lugha yake ambaye hamdai chochote. Tungekuwa tumemfungia ndani kwa kumhurumia, kama wengine walivyoshauri eti asionekane sana, hakuna ambaye angejua. Kumwuliza kabla ya kutenda pia kulifanya kazi, na kumhamisha kwanza ndio mwenyeji aambiwe. Daftari lilisaidia, lakini lilikuja mwisho. Lingekuwa la siku ya kwanza labda lingekuwa na mistari mitano tu: anasaidia nini, saa ngapi, jioni za kibanda analipwa ngapi, Jumapili ni yake, tarehe ya kutoka.

Mwenyeji naye anahitaji mtu wa kumtembelea kwa ajili yake. Mama Brian alibeba watu wawili bila mtu wa kumwuliza umechoka? Tulimpa sifa kanisani, akasimamishwa akapigiwa makofi, na baada ya makofi hayo angesemaje kwamba amechoka? Saa hii kila mwenyeji anapata kitu kidogo kila mwezi, hata kama ni unga na tokeni, na mmoja wetu ambaye si yule anayemfuatilia mgeni ndiye anaongea naye.

Yaliyobaki

Zile 6,000 za omena hazijalipwa na Mama Furaha amesema hazidai. Intavyu yake imesogezwa, bado anangoja. Shemeji alienda kukaa kwa ndugu mwingine, na nyumba hiyo ina wasichana. Mama Furaha hakutaka jina lake litajwe na hatukulitaja, lakini mke wa mchungaji alienda kwa mwenye hiyo nyumba akaongea naye bila kutaja nani wala wapi. Alisikilizwa, akashukuriwa, akapewa chai. Kama alisadikiwa, mpaka leo hajaambiwa, na anapanga kurudi huko mwezi huu.